Waifai ya mtaa Arua: kabla hamjanunua antena, tafuteni paa

Ndugu yangu wa Arua, nimekusoma. Mko vijana sita wa kujitolea, mmechanga milioni moja na laki mbili, mnataka kuweka waifai ya bure mtaani kwenu, kisha muende kwa meya mdai intaneti ya umma kwa jiji zima. Swali lako ni antena gani mnunue. Wenzangu hapo juu wamekutajia karibu kumi, sina la kuongeza huko. Antena ndiyo sehemu rahisi. Kinachoua mitandao ya namna hii ni paa la mtu, umeme wa mtu na mfuko wa mtu.

Sisi tulianza Katwe hapa Kampala mwaka 2019, tukiwa watano. Siku hizo watu walikuwa bado wanalipa shilingi 200 za OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii, kila siku kabla ya kufungua WhatsApp, kwa hiyo ukitaja waifai mtu anakuvutia kiti. Mzee mmoja mwenye ghorofa kule mlimani Makindye alikubali tufunge redio ya waifai, kifaa cha kurusha intaneti kwa mawimbi, juu ya paa lake, kwa sababu binti yake alikuwa mwenzetu. Huku bondeni mafundi wa kuchomelea walituunganishia mlingoti wa bomba, tukalipa bomba tu. Umbali kutoka paa lile hadi mlingoti ni kilomita mbili na kitu, masafa ya gigahezi 5.

Tulifunga Februari, ikashika vizuri ajabu. Aprili mvua zilipokolea, ikaanza kukatika kila mara. Tukabadilisha kebo. Tukabadilisha rauta. Tukampigia simu aliyetuuzia redio tukamtukana kidogo, Mungu atusamehe. Kumbe ni mfenesi! Ukisimama kwenye mlingoti ulikuwa unauona mlima bila shida, lakini mawimbi hayapiti kama uzi. Katikati ya safari yanavimba, na kwa umbali ule yanahitaji karibu mita 6 kila upande wa ule mstari. Mti ulikuwa umekua ukaingia humo, na majani yaliyolowa hunywa mawimbi. Mwenye mfenesi hakutaka hata kusikia neno panga, na mimi simlaumu, nimeyala mafenesi yake. Tukaongeza mlingoti mita 4. Kwa hiyo mkipima, pimeni wakati wa mvua, na mtazame miti midogo kuliko mikubwa, maana mkubwa umeshamaliza kukua.

Umeme sasa. Redio mbili na rauta yetu vilikuwa vinakula wati 25 hivi. Ni kidogo, lakini havilali: kwa saa 24 ni wati-saa 600. Betri ya gari ya aina ya risasi, voti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukiishusha chini ya nusu kila siku itakufa mapema. Maana yake betri moja inakupa siku moja tu bila jua wala umeme. Tuliua mbili kabla ya kuielewa hesabu hii. Tena fungeni waya wa ardhini kwenye mlingoti kabla ya jambo lolote, radi za nchi hii mnazijua.

Nije kwenye neno bure, ambalo najua litawaudhi. Tulianza bure kwa wote. Megabiti 10 kwa sekunde, simu zaidi ya 60, na nusu yake zinajisasisha zenyewe bila mwenyewe kujua. Saa mbili usiku hata ujumbe wa maandishi ulikuwa hautoki. Halafu kampuni tuliyonunua intaneti kwao ikagundua kwamba kifurushi cha nyumbani kinalisha mtaa, ikatukata. Kosa lilikuwa letu, mkataba ulisema wazi hakuna kugawa. Tulikaa gizani wiki tano mpaka tukampata mtoa huduma mdogo mwenye leseni aliyekubali kwa maandishi kwamba tugawe. Nendeni UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, mapema mkaulize. Kutumia masafa yasiyohitaji leseni ni jambo moja, kutoa huduma kwa watu ni jambo lingine.

Tuliporudi, kila nyumba ililipa 1,000 kwa wiki, na wazee na wanafunzi ambao mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, aliwataja hawakulipa. Hapo ndipo mtandao ulipopata afya. Mtu anayelipa elfu moja anakupigia simu ikikatika, wa bure ananyamaza anahamia kwingine. (Daftari la majina na namba za simu lifungieni kabatini. Kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na kuna majirani wambea.)

Kitu kimoja tulichokifanya kwa bahati tu: tuliweka kompyuta ndogo yenye Wikipedia ya Kiwix na masomo ya Kolibri, vinavyosomeka bila intaneti. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto walikuwa wanaketi ukutani kwa fundi wa viatu kuanzia asubuhi. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hiyo ndiyo ilibaki inafanya kazi. Mama mmoja alidhani sisi tuna intaneti ya siri, akaja kuomba kwa kunong'ona.

Kwa meya, msiende kuomba "intaneti ya bure". Kumbukeni MyUG, waifai ya serikali ambayo NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, waliianzisha Kampala na Entebbe mwaka 2016. Ilikuwa ya jioni, usiku na wikendi, kwa sababu mchana ofisi za serikali ndizo zilikuwa zinatumia njia ileile. Nanyi ombeni hivyohivyo: ofisi gani ya jiji inalipia intaneti inayolala kuanzia saa kumi na moja jioni, na je, mnaweza kutumia paa lake? Hilo ni ombi ambalo mhasibu anaweza kulijibu. Na kabla ya meya, pandeni basi mwende Gulu mkawaone BOSCO, shirika linalopeleka intaneti vijijini. Walianza 2007 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, kwa sola na waifai ya masafa marefu, wakati huku wengine tulikuwa bado tunapanga foleni kwenye kafe za intaneti.

Milioni yenu msiiguse kwanza. Niambie hilo paa mlilolifikiria ni la nani, ana umeme wa aina gani, na mkewe anasemaje. Weka na picha mliyopiga kutoka juu yake mkitazama upande wa pili, tuone kuna miti gani.