Gemu za kwenye flashi kwa kompyuta za shule: kinachokubali na kinachokwama

Mwalimu, heshima yako. Kwa wanaoingia sasa: mleta mada ana maabara ya ICT huko Temeke, kompyuta za msaada za Dell na HP, Windows 10, akaunti ya wanafunzi haina ruhusa ya kusakinisha chochote. Mkuu wa shule ameruhusu klabu icheze gemu Ijumaa baada ya vipindi, na anataka zikae kwenye flashi; mwalimu anauliza zipi zitakubali. Mdau hapo juu kamjibu "nunua flashi yenye kasi". Kasi inasaidia, lakini sicho kinachokwamisha watu. Gemu nyingi zinagoma kwa sababu zinategemea vitu ambavyo kompyuta unayoichomekea haina.

Kwanza ruhusa ya fundi. Ruhusa ya mkuu haimfikii fundi aliyefunga mashine, kwa hiyo mshirikishe mapema. Ukibofya ukaona "This app has been blocked by your system administrator", hapo kuna kanuni imewekwa makusudi. Usihangaike kuizunguka, na wanafunzi wasikuone unahangaika. Muombe aruhusu faili zako kwa hashi, yaani alama ya faili lenyewe. Akiruhusu kwa njia ya "chochote kilicho E:", kesho kila mtoto atakuja na flashi yake. Ubaya wa hashi ni kwamba ukileta toleo jipya la gemu lazima airudie.

Sasa gemu zenyewe. Kisakinishi hufanya mambo matatu: kinamwaga faili, kinaongeza maktaba za DLL ambazo gemu inazihitaji, na kinaandaa sehemu ya kuhifadhi mipangilio kwenye akaunti ya mtumiaji. Ukinakili folda ya gemu kutoka Program Files ya laptopu yako kwenda kwenye flashi umebeba jambo la kwanza tu. Ndiyo maana GTA ya mtu inayoruka vizuri nyumbani inafika shuleni inaleta kisanduku cha kosa. (Na zile zilizovunjwa ulinzi, achana nazo kabisa shuleni. Mbali na haki za watu, antivirusi itafuta faili katikati ya kipindi na utabaki unajieleza.)

Tafuta zinazotolewa kama zip na wenyewe, au zilizofungashwa na PortableApps.com, tovuti ya programu zisizohitaji kusakinishwa. Kwa mashine zako ningeanza na hizi:

OpenTTD ndiyo ya kwanza. Unajenga reli, barabara na bandari, na inachora picha kwa prosesa bila kutegemea kadi ya picha, kwa hiyo inakubali hata kwenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo. Mtego wake: ikiwashwa mara ya kwanza inataka kupakua picha za OpenGFX mtandaoni. Maabara isiyo na intaneti inaishia hapo. Ipakue OpenGFX nyumbani, weka faili lake la tar ndani ya folda ya baseset. Halafu tengeneza faili tupu liitwalo openttd.cfg kando ya openttd.exe, ndipo mipangilio na michezo iliyohifadhiwa itabaki kwenye flashi badala ya kwenda Documents ya mashine. Notepad ina tabia ya kuliita openttd.cfg.txt bila wewe kuona. Washa "File name extensions" kwenye View ya File Explorer uhakikishe.

Luanti, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi Oktoba 2024, ni ya kujenga kwa matofali. Zip yake ya Windows huhifadhi kila kitu ndani ya folda yake yenyewe, ni safi sana kwa flashi. Lakini siku hizi inakuja tupu, ni injini tu. Gemu unaishusha kando, mfano Mineclonia au VoxeLibre, unaiweka kwenye folda ya games. Fanya hivyo kabla ya Ijumaa.

SuperTuxKart kwa mbio za magari, chukua ile ya PortableApps. Xonotic nayo ni zip ya kufungua na kucheza, ila ni ya kupigana risasi. Muulize mkuu kwanza.

Kwa gemu ambayo haihifadhi kando yake, andika faili dogo la amri, .bat, ndani ya folda ya gemu. Mfano wa Xonotic:

@echo off
cd /d "%~dp0"
start "" xonotic.exe -userdir "%~dp0kumbukumbu"

Hiyo %~dp0 maana yake ni "folda ambamo bat hii imekaa", kwa hiyo flashi ikiitwa E: leo na G: kesho hakuna kinachoharibika. Gemu isiyo na swichi kama hiyo ya -userdir, jaribu kuweka mstari wa set APPDATA=%~dp0kumbukumbu kabla ya start. APPDATA ni jina la folda ambamo Windows huweka mipangilio ya programu, na mbinu hii inakubali kwa gemu zinazosoma jina hilo. Zile zinazoiuliza Windows moja kwa moja zitapuuza. Namna ya kujua: cheza dakika mbili, funga, bonyeza Win+R, andika %APPDATA%, angalia kama kuna folda mpya yenye jina la gemu. Ikiwepo, mipangilio imeenda kwenye mashine, na mtoto akihamia kompyuta nyingine hataikuta.

Makosa ya DLL yanasomeka, usiyaogope. VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll haipo: mashine haina Visual C++ 2015-2022. d3dx9_43.dll haipo: inakosa DirectX ya Juni 2010. Dawa ya kudumu ni fundi kusakinisha vifurushi hivyo viwili mara moja kwa mashine zote, ni kazi ya asubuhi moja. Dawa ya muda ni kuweka DLL husika kando ya exe, ukiichukua kwenye kompyuta yako yenye kifurushi halali, siyo kwenye tovuti za "download DLL". Ukikosea ukaweka ya biti 64 kwenye gemu ya biti 32 utapata kosa 0xc000007b. Namba hiyo ukiiona, jambo la kwanza kushuku ni mchanganyiko wa biti. Na kama Windows yenyewe ni ya biti 32, jambo la kawaida kwenye mashine za msaada zenye RAM ya GB 2, gemu ya biti 64 haitafunguka kabisa. Angalia Settings, System, About, mstari wa System type.

Upande wa picha ndiko kwenye utata mkubwa, na hapa soma jina lililoandikwa mbele ya boksi la kompyuta.

OptiPlex 780 na HP Compaq 8000 Elite zina picha za Intel GMA 4500. OpenGL yake, yaani njia ambayo gemu hutumia kuchora picha kwa kadi, inaishia toleo 2.1, kwa hiyo OpenTTD ndiyo salama. Nyingine weka kila kitu chini, rizolusheni 1024 kwa 768, na usitegemee miujiza. OptiPlex 790 na HP 8200 Elite zina Intel HD 2000, OpenGL 3.1. Luanti inakwenda ukipunguza umbali wa kuona, SuperTuxKart inakwenda ukizima madoido. OptiPlex 7010 na HP 8300 Elite zenye prosesa za kizazi cha tatu zina HD 2500 au 4000, OpenGL 4.0, na hizi ndizo za kwanza katika orodha hii kuwa na tundu za USB 3.0.

Hayo yote yanategemea draiva ya Intel iwe imewekwa. Fungua Device Manager, tazama Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", mashine haina draiva, na OpenGL yake ni 1.1 tu haijalishi kadi iliyomo. Gemu itasema haioni OpenGL, au itawaka kioo cheusi na kuzima. Watu wengi wanalaumu flashi hapa, wanabadilisha flashi tatu, na kumbe flashi haina kosa. Bila haki za msimamizi huwezi kulitatua hili, liweke kwenye orodha ya fundi.

Flashi sasa. Kwenye 780 na 790 tundu zote ni USB 2.0, ambazo kwa uhalisia hutoa kama MB 30 hadi 40 kwa sekunde za kusoma. Flashi ya bei kubwa haitavuka hapo. Kinachotofautisha flashi ni kuandika: ya hovyo inaandika MB 5 kwa sekunde, maana yake GB 8 za gemu zinachukua karibu nusu saa kwa flashi moja. Zidisha kwa idadi ya flashi zako. Maelfu ya faili ndogondogo yanachelewesha zaidi, kwa hiyo nakili zip nzima na kuifungulia kwenye diski ya mashine pale inaporuhusiwa. Mara ya kwanza kuwasha gemu pia Defender, antivirusi ya Windows, inakagua faili zinapofunguliwa, na kwenye Core 2 Duo hilo linaonekana. Subiri, usibofye mara sita.

Ukinunua Kariakoo, jaribu kabla ya kuweka gemu. Flashi zilizodanganywa ukubwa zipo tele: Windows inakuonyesha GB 128, ndani kuna 8, na kila unachoandika baada ya hapo kinapotea kimyakimya. Gemu inanakiliwa vizuri halafu inagoma kuwaka au inakosa sauti. Programu ya H2testw inajaza flashi yote na kuisoma tena. Inachukua muda, lakini ikimaliza una jibu.

Muundo unaochagua ukifomati flashi: FAT32 haibebi faili linalofika GB 4. exFAT inabeba, lakini haina kumbukumbu ya kujirekebisha, umeme ukikatika katikati ya kuandika unaweza kupoteza folda. NTFS inavumilia zaidi, na kwa maabara ya Windows tupu isiyo na UPS ningeichagua hiyo. Chomeka nyuma ya boksi kama inawezekana. Tundu za mbele zimelegea kwa miaka ya matumizi, na hewa ya chumvi ya huku pwani inazila. Diski ya nje ya kuzunguka ikilia tik-tik na kupotea, huenda umeme wa tundu hauitoshi, siyo lazima iwe imekufa.

Usalama: adui wako ni kirusi cha shotikati. Folda halisi zinafichwa, badala yake yanatokea mafaili ya .lnk yenye sura ya folda na mshale mdogo kwenye kona, ukubwa KB 1 au 2. Anayebofya ndiye anayeambukiza mashine. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirusi, maana ukianza na flashi itaambukizwa upya palepale. Kisha, kwenye cmd:

attrib -s -h -r E:\*.* /s /d

Folda zitarudi kuonekana, nawe futa .lnk, .vbs na .js usizozijua zilizoko juu kabisa ya flashi. Kwa klabu njia nzuri zaidi ni kuwa na nakala safi moja kwenye laptopu yako isiyoguswa na wanafunzi, na kila Ijumaa kabla ya kuanza kuirudisha flashi kwenye hali hiyo:

robocopy D:\gemu_safi E:\ /MIR /XD kumbukumbu save worlds "System Volume Information"

/MIR inafuta chochote kilichoko E: ambacho hakipo kwenye nakala safi, kirusi kikiwemo. /XD inaziacha folda zilizotajwa hapo kwa jina, zikiwemo za michezo iliyohifadhiwa. Soma herufi ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu ukikosea itafuta diski nyingine kwa bidii ileile.

Kucheza pamoja ndiko klabu inanoga. Mashine moja tu ndiyo inahitaji kufunguliwa kwenye Windows Firewall, ile inayoandaa mchezo. Mashine za wanaojiunga zinatuma tu mawasiliano kwenda kwa hiyo, kwa kawaida hazizuiwi. Mwombe fundi afungue kwa namba ya poti: Luanti UDP 30000, Xonotic UDP 26000, OpenTTD 3979. Akiruhusu kwa jina la programu, kanuni hiyo inashika njia kamili ya faili. Leo E:\Luanti imeruhusiwa, Ijumaa ijayo flashi imekuwa F: na hakuna anayeingia. Mashine hiyo ya kuandaa ningeiweka Luanti kwenye diski yake ya ndani, siyo kwenye flashi, kwa sababu ulimwengu wa mchezo unaandikwa muda wote kwenye faili la map.sqlite. Mtu akichomoa flashi mchezo ukiendelea, faili hilo linaweza kuharibika pamoja na kazi ya klabu nzima. Na kabla hamjaanza, angalia saa ya kila kompyuta. Mashine inayosema mwaka 2010 imeishiwa betri ya CR2032 kwenye ubao mama (motherboard), na michezo itakayohifadhiwa humo itajipanga chini kabisa ya orodha, watoto wadhani imefutika.