Ekseli ya nyuma imehama, tairi linakwangua fenda: maswali na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanafanana: gari limetoka kwenye alaimenti (kupangwa pembe za matairi), usukani umenyooka, lakini tairi la nyuma sasa linakwangua. Tunaanza na lile linalosumbua wengi.

Swali: Niliinua Prado yangu ya 2005 kwa inchi 2 kwa springi mpya, kisha nikaipeleka alaimenti. Karatasi inaonyesha vipimo vyote viko sawa. Nikipakia watu watano na mizigo, tairi la nyuma kushoto linakwangua fenda, la kulia haligusi kitu. Je, fundi wa mashine alikosea?

Huenda hakukosea, ndugu. Ekseli ya nyuma ya Prado hiyo ni chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mashine ya alaimenti husoma pembe za matairi. Ekseli nzima ikisogea sentimita moja kushoto bila kupinda, pembe hazibadiliki na karatasi itatoka safi.

Kinachoshika ekseli isihame kushoto wala kulia ni rodi ya panadi: ile rodi ndefu inayokatiza nyuma, ncha moja imefungwa kwenye shasi na nyingine kwenye ekseli. Urefu wake haubadiliki. Ukiinua gari, rodi inasimama zaidi, kwa hiyo inavuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye shasi. Chukua rodi ya milimita 900 ambayo ncha zake zilipishana kimo kwa milimita 50. Inua gari milimita 50 na ekseli itasogea kama milimita 4. Inua 100 na itasogea kama 11. Kwa hiyo inchi 2 peke yake haitoshi kuleta tatizo kubwa. Ukikuta ekseli imehama sentimita nzima, kagua bushi za rodi (zile raba za kwenye ncha zake), tundu za bolti zilizopanuka, na breketi ya kwenye shasi kama ina ufa. Ufa huanzia kwenye weldi, na tope huuficha, kwa hiyo osha kwanza.

Pima hivi. Weka gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, na mzigo unaobeba kawaida. Litikise nyuma mara kadhaa ili springi zikae. Ning'iniza timazi kutoka ukingo wa fenda, juu ya katikati ya gurudumu, kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, kushoto na kulia. Usiishie hapo, maana fenda iliyowahi kunyooshwa hudanganya. Pima pia ndani, kutoka ubavu wa shasi hadi bamba la nyuma ya breki, sehemu ileile pande zote mbili. Kipimo hiki ndicho cha kuamini. Fenda zikionyesha tofauti lakini shasi haionyeshi, ekseli iko katikati na bodi ndiyo iliyokaa upande.

Kosa tunaloliona sana liko kwenye hesabu. Kushoto ukipata milimita 62 na kulia 78, tofauti ni 16, lakini ekseli imehama 8 tu. Anayerekebisha kwa 16 anahamishia ugonjwa upande wa pili.

Bushi na breketi zikiwa nzima, funga rodi ya panadi inayorekebishika. Weka kabari kwenye matairi ya mbele, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Rodi hii ifanyiwe kazi matairi yakiwa chini, kwenye shimo la gereji au kwenye ngazi za chuma za kupandishia gari. Fungua nati ya kufungia, refusha rodi kwa nusu ya tofauti uliyopima, tikisa gari, pima tena. Kwenye gari lililoinuliwa huwa ni kurefusha. Kufupisha ni kwa lililoshushwa. Nyuzi zilizobaki ndani zisipungue mara moja na nusu ya unene wake: nyuzi za milimita 20, ziingie 30 au zaidi. Tukibaki na tofauti ya milimita 3 kati ya pande mbili tunaacha, kwa kuwa ekseli yenye panadi husogea kidogo kila inapopanda na kushuka.

Bolti za bushi zikazwe mwisho, uzito wote ukiwa juu ya matairi. Ukizikaza gari likiwa limening'inia, raba ya bushi inabaki imesokotwa kila unapoendesha, na inachanika mapema.

Swali: Je, nianze na alaimenti au na ekseli?

Ekseli kwanza. Matairi ya mbele hupangwa kwa kufuata mwelekeo ambao ekseli ya nyuma inasukumia gari. Ukigusa nyuma baada ya alaimenti, umelipia kazi mara mbili.

Swali: Hilux yangu ya mizigo ukiitazama kutoka nyuma inakwenda upande kama kaa. Alaimenti imefanyika mara mbili na usukani bado umepinda. Sasa tairi la nyuma kulia linagusa ukingo wa mbele wa fenda.

Hapo ekseli imekaa mshazari: upande wa kulia umesogea mbele, au wa kushoto umerudi nyuma. Shuku senta bolti, ile inayobana vyuma bapa vya springi katikati. Kichwa chake huingia kwenye tundu la kikalio cha springi juu ya ekseli, na hapo ndipo ekseli hupata mahali pake. Lakini kazi ya kushika mzigo ni ya yubolti nne, bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Zikilegea, kila unapofunga breki au kuondoka na mzigo, nguvu yote inaangukia kichwa cha senta bolti, na siku moja kinakatika. Kuanzia hapo springi inateleza juu ya kikalio.

Pima kutoka katikati ya bolti ya sikio la mbele la springi hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Ekseli yenye upana wa milimita 1,500 kati ya matairi, upande mmoja ukirudi milimita 10, inapinda karibu digrii 0.4. Hiyo inatosha kabisa kupindisha usukani, na hakuna tairodi (fito ya kugeuza matairi ya mbele) itakayoiponya. Fundi akikaza tairodi hadi usukani unyooke, amefunika tu. Gari litaendelea kwenda upande na kula matairi.

Matengenezo yake: tegemeza shasi kwa stendi mbili imara, jeki ibebe ekseli, kisha ondoa yubolti. Kabla ya kutoa senta bolti, bana vyuma vya springi kwa klempu mbili, moja kila upande wa bolti, la sivyo vitafumuka na kujeruhi mtu. Funga senta bolti mpya yenye kichwa cha kipimo kilekile. Kisha chungulia tundu la kikalio. Likiwa limepanuka kuwa kama yai, bolti mpya nayo itacheza na kukatika. Lijazwe weldi na kutobolewa upya katikati, au kikalio kibadilishwe. Mipira ya breki na nyaya zifuatilie kwa macho ekseli inaposhuka, zisivutike.

Yubolti zilizotoka usizirudishe. Chuma chake kimeshavutika na hakibani tena kama mwanzo. Kaza mpya kwa mshazari, kidogo kidogo, mpaka nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na umalizie uzito ukiwa chini. Baada ya kilomita 100 kaza tena, na tena kwenye 500. Magari mengi yanayoturudia na ugonjwa huuhuu ni yale yaliyorukwa hatua hii, na inaumiza kuona springi mpya zikiharibika kwa uvivu wa dakika 10.

Swali: Land Cruiser pikapu ya V8, matairi ya nyuma yameingia ndani kuliko ya mbele pande zote mbili. Fundi anasema ekseli imepinda, nifunge spesa (bamba la kusogeza gurudumu nje).

Haijapinda, kaka. Pikapu za Land Cruiser 79 zenye V8, kuanzia 2007, zilipanuliwa mbele ili injini ienee, na nyuma ikaachwa nyembamba: milimita 1,515 mbele, 1,420 nyuma. Kila tairi la nyuma limeingia ndani kwa kama milimita 47. Ndivyo lilivyotoka kiwandani. Pima kushoto na kulia kama tulivyoeleza hapo juu. Zikilingana, huna ugonjwa. Spesa pana kiasi hicho huongeza mzigo kwenye beringi na stadi (bolti) za gurudumu, na kwa gari la mizigo hatuipendekezi.

Swali: Subaru Forester, tairi la nyuma kushoto limelalia ndani kwa juu, la kulia limesimama wima. Linakwangua upande uliosimama.

Gari hili halina ekseli nzima nyuma, kila gurudumu lina mikono yake. Upande mmoja ukilala na mwingine ukisimama kwa kiasi kinachokaribiana, shuku krosimemba (fremu ya chuma chini ya bodi inayoshika mikono hiyo) imehama upande, hasa kama iliwahi kushushwa au gari liligonga ukingo wa barabara. Legeza bolti zake, isogeze mpaka vipimo vya kushoto na kulia kutoka kwenye bodi vilingane, kaza, ndipo urudi kwenye mashine. Kama upande mmoja tu ndio mbaya, tafuta mkono uliopinda au bushi iliyokufa.

Swali: Nimetoka 265/65R17 kwenda 285/70R17. Tairi la mbele linagusa nyuma ya tao la gurudumu nikikata kona, na ilianza baada ya alaimenti.

Tairi jipya ni pana kwa milimita 20 na nusu-kipenyo chake kimeongezeka kama 27, kwa hiyo nafasi ilikuwa imeshabana. Kwenye Prado na Hilux, fundi akipunguza kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukitazamwa kutoka ubavuni) kwa bolti za mkono wa chini, gurudumu linarudi nyuma milimita kadhaa, na hizo ndizo zilizokuponza. Rudi kwake umwombe kasta kubwa zaidi, mradi ibaki ndani ya kipimo cha gari na ilingane pande zote. Kabla ya hapo paka chaki kwenye bega la tairi, kata usukani hadi mwisho kila upande, na utazame chaki imefutika wapi. Ikiwa ni plastiki ya ndani ya fenda, mara nyingi kuivuta nyuma na kuifunga upya kunatosha. Ikiwa ni chuma cha kishikio cha bodi, rudisha tairi dogo kuliko kukata chuma hicho.