Fefo isimezwe kabla ya dripu hiyo

SWALI: Dokta, shikamoo. Mama yangu mkubwa yuko kwa binti yake Minneapolis, Marekani. Ameonekana na uvimbe kwenye pafu la kulia, atapasuliwa wiki ijayo. Wamesema kabla ya hapo atatundikiwa dripu ya Cytalux, dawa ya kuifanya kansa ing'ae. Hiyo ni mionzi? Na vidonge vya fefo nilivyomtumia aongeze damu, aendelee navyo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na fefo maana ndiyo yenye haraka. Mpigie simu leo, awaonyeshe madaktari wake vidonge hivyo. Fefo ina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, na foliki hutakiwa kusimamishwa saa 48 kabla ya dripu hiyo. Nimekaa dirisha la dawa miaka mingi: mzee ukimuuliza anatumia dawa gani, atakutajia ya presha, basi. Vya kuongeza damu kwake si dawa.

Cytalux ni kitu kinachofanana na foleti, yaani vitamini ya jamii ile ile ya asidi ya foliki, kikabebeshwa rangi. Seli za kansa ya pafu mara nyingi zina vipokezi vingi vya foleti kuliko seli za kawaida, na dawa hunasa hapo. Akiwa amemeza fefo, foliki inawahi viti kama abiria wa daladala, rangi inakosa pa kukaa.

Mionzi hakuna, wala mama hatawaka gizani. Rangi ile humulikwa kwa mwanga wa infraredi na kuonekana kwa kamera maalumu tu. Dripu huchukua saa 1, ndani ya saa 24 kabla ya upasuaji. Akisikia kichefuchefu, tumbo kuuma au mwili kuwasha, asijikaze. Amwambie muuguzi papo hapo.

Faida yake? Siku hizi pafu hupasuliwa kwa matundu madogo, daktari akitazama kwenye skrini. Kidole chake hakifiki kupapasa kama zamani, na kivimbe kidogo ndani ya pafu lililonywea hupotea kirahisi. Marekani iliruhusu dawa hii kwa kansa ya pafu Desemba 2022, baada ya utafiti ambamo karibu mgonjwa 1 kati ya 4 alikutwa na kansa ambayo macho na vidole vilikuwa vimeipita.

Ila si kila kinachong'aa ni kansa. Uvimbe wa kawaida wa maambukizi nao hunasa rangi, ndiyo maana nyama iliyokatwa lazima ipimwe maabara. Na kilichojificha ndani sana ya pafu, mwanga haukifikii. Na kwa kuwa TB nayo ni maambukizi yanayoweza kuacha uvimbe kama huo kwenye pafu, kama mama mkubwa aliwahi kuiugua, hata kama ni enzi za ujana wake, nalo aliseme. Huko Minneapolis hawatalikisia wenyewe.