Bustani, Vitabu na Mwili Unaouma: Majibu kwa Wasomaji

Nina baridi yabisi, vidole vimevimba. Kila mtu ananiambia nilime alfajiri kabla ya jua kali. Siwezi. (Mama, Nyalenda, Kisumu)

Mama, kwako alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Baridi yabisi ya aina hiyo hukaza viungo asubuhi, na mara nyingi inapita saa nzima kabla havijalegea. Ngoja jioni jua lipoe, ingawa najua Kisumu mvua nayo hupenda saa hizo hizo.

Jembe lenyewe ningeliacha. Udongo mweusi wa kwenu ukilowa hunata kama ulimbo na ukikauka hupasuka. Huwashinda hata wenye mikono mizima. Tengeneza bustani ya gunia. Mwambie kijana akuchanganyie udongo na samadi iliyooza, aweke nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, kisha atoboe matundu pembeni. Panda sukuma wiki, osuga (mnavu) na saga (mgagani), uchume ukiwa umeketi kwenye kigoda. Tumia makasi, usikwanyue kwa vidole. Saga likianza kutoa maua, yakate. Majani yataendelea kuja kwa muda mrefu zaidi. Ukitaka mrenda, mbegu zake zina ganda gumu: zifunge kwenye kitambaa, uzitumbukize sekunde kama 10 katika maji yanayokaribia kuchemka, kisha uzipande.

Na kama unatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, usishike samadi bila glavu.

Nina selimundu. Marafiki wanapanga kupanda Menengai. Niende? (Kijana, Nakuru)

Muulize kwanza daktari wa kliniki yako. Mimi ningechagua ziwa. Menengai inafika mita 2,278, upepo wake ni baridi, na baridi, kiu na uchovu ndivyo vinavyoamsha maumivu yako. Ziwa Nakuru utalizunguka kwa gari. Heroe huenda wakawa wachache: maji yalipopanda katika miaka ya 2010 chumvi ilipungua, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Lakini migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini inatosha kumtazamisha mtu kutwa. Beba sweta na maji mengi, na unywe kabla hujasikia kiu. Homa ikikupata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jirani anasema mwarobaini utaniondolea kisukari, niache vidonge. (Baba, Bungoma)

Usiache, mzee. Tena usichanganye bila daktari kujua, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwarobaini wako uache utoe kivuli. Ukienda shambani vaa gambuti, na jioni ukague nyayo. Kidonda usichokisikia ndicho cha kuogopa.

Nilipenda riwaya. Siku hizi uchovu wa ugonjwa unanifanya nisahau ukurasa nilioumaliza sasa hivi. (Dada, Kakamega)

Rudia kitabu unachokijua. Ukisahau ukurasa, hadithi bado unayo. Mashairi pia yanafaa, shairi moja kwa siku moja. Kitabu kizito kikiumiza viganja, kiegemeze kwenye mto au umwombe mtoto wa shule akusomee kwa sauti, naye apate mazoezi. (Kuna wanaokata riwaya nene vipande vitatu kwa kisu. Msiwaambie watu wa maktaba.) Vitabu vinavyoeleza ugonjwa wako usivisome usiku.

Siku isiyo ya kusoma, na nguvu ikiwepo, kaa ukingoni mwa msitu wa Kakamega utafute mbega juu mitini. Hilo halihitaji kukumbuka chochote.

Leo nalima, kesho nashindwa kuamka. Wakwe wanasema ni uvivu. (Shemeji, Busia)

Mwombe mumeo aje nawe kliniki, na mama mkwe pia akikubali. Yakitoka kwa daktari watayasikia zaidi. Nyumbani omba kazi zisizo na saa maalumu: kuchambua mbegu, kutunza kitalu, kupanga mazao ya kupeleka sokoni. Na siku ya nafuu usilime hadi giza ili uwaridhishe. Acha nusu ya tuta, hata kama wanakutazama.