Uliacha Kazi Upate Muda. Muda Wenyewe Uko Wapi?

Jumapili iliyopita nilikuwa ufukweni Raskazone, hapa Tanga, na wadogo zangu wawili wa kazini, hawa watafsiri wapya wa kujitegemea ambao kazi zao mimi huzipitia kabla hazijaenda kwa PM, yaani msimamizi wa mradi. Samaki changu amekaangwa, maji yamejaa, watoto wanajirusha kutoka ukutani. Mmoja wao kaweka laptopu mezani, kajifunika kanga yeye na mashine yake ili jua lisipige kioo, utadhani anajifukiza. Namuuliza vipi. Ananijibu kutoka humo ndani ya kanga: "Dada, maneno mia tatu tu."

Mia tatu tu! Samaki kapoa, paka kafanya yake, na maji yalipoanza kutoka mtoto wa watu bado yumo ndani ya kanga. Huyu ndiye aliyeniambia mwezi wa kwanza kwamba ameacha ajira Dar kwa sababu "anataka kuishi". Sikumcheka sana. Mimi nimefanya ujinga huo huo na mkubwa zaidi, kwa hiyo nawaandikia, maana nikisema kwa mdomo mnaitikia "sawa dada" huku mnachungulia simu.

1. Dedilaini ina nchi yake. PM akiandika EOD, yaani mwisho wa siku ya kazi, muulize EOD ya wapi, kabla hujakubali PO, ile oda ya kazi. Kalifornia wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, huku ni saa moja usiku, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja inakuwa saa mbili. Na ukiandika mwenyewe "8", hakikisha hujamaanisha saa nane. Mmoja wenu ameshafanya hivyo, hatutamtaja, anajijua.

2. Lipisha kwa maneno ya chanzo, yale unayopewa, si ya tafsiri yako. "I will see you" ni maneno manne. "Nitakuona" ni moja. Nadhani hapo hatuhitaji semina.

3. Usiende na laptopu shambani. Hapa mtanivumilia.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana michungwa yake Muheza, miti mia na ishirini hivi. Nilipoacha kazi Dar mwaka 2018, sababu niliyoitoa kwa kila mtu ilikuwa ni Baba na ile michungwa. Nitakuwa huru, nitakwenda msimu wa kuchuma, nitamsaidia kuuza. Mkiijua Muheza mnajua habari yenyewe: machungwa yakiiva yanaiva kwa wote, malori yanakuja, mengine kutoka Kenya, na mnunuzi anataka kulinunua shamba zima matunda yakiwa bado mtini, kwa kukadiria kwa macho. Macho yake, si yako. Mzee asiye na mtu wa kumuulizia bei mjini anauza anavyoambiwa. Kazi yangu ilikuwa ndogo: nimpigie dalali wa Temeke nijue bei ya siku ile, kisha nikae na Baba tuhesabu tenga kwa tenga wachumaji wanaposhusha.

Misimu mitatu ikapita kila mara nina "kazi kubwa". Mwaka 2022 nikaenda kweli, mwishoni mwa Juni. Nikaenda na laptopu, maana siku mbili kabla nilikuwa nimepokea mwongozo wa mashine ya kufulia, maneno 38,000, senti mbili za dola kwa neno, siku kumi na moja. Nilipiga hesabu haraka: dola 760. Sikufungua ripoti ya uchambuzi niangalie marudio, zile sentensi zilizokwisha kutafsiriwa, ni mangapi. Mnaofahamu Trados, programu ya watafsiri inayotoa ripoti hiyo, mmeshaanza kutabasamu, na mna haki.

Mtandao kule ulikuwa unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya banda la kuku. Basi nikapanda na kigoda changu, nikakaa pale siku zote zilizobaki kama sanamu. Baba alikuwa amenunua daftari jipya, kubwa, lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza alishapiga mistari kwa rula, mwandiko wake ule wa ubaoni: Tarehe, Tenga, Bei, Mhesabu. Chini ya Mhesabu ameandika jina langu, kabla hata sijahesabu chungwa moja.

Kila asubuhi alikuja chini ya kichuguu na chungwa alilolimenya kwa kisu, ganda likining'inia kama utepe mmoja mrefu. Ananinyooshea. Mimi nainua kidole: kidogo, Baba. Anasema, "Maliza kwanza, mama." Analiacha juu ya jiwe anaondoka. Nikija kukumbuka, sisimizi wamelila kabla yangu.

Siku ya nne mnunuzi akaja. Niliisikia injini ya lori. Nilimwona Baba akitembea naye kati ya miti, kisha akasimama, akatazama upande wangu. Nilikuwa naijua maana ya kutazama kule. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na kuipigia Temeke ilikuwa dakika tano, basi. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inaipa laptopu intaneti, faili lilikuwa linapanda, asilimia sabini na kitu, na nikaogopa nikipiga litakatika. Nikamwashiria kwa mkono: subiri. Akasubiri kidogo. Mtu wa lori hakusubiri. Faili lilipofika nilishuka nikakuta wameshapeana mikono, shilingi laki sita, shamba zima.

Jirani yake, miti karibu sawa, alihesabu yake na wanawe akapata milioni moja na nusu.

Sasa sikilizeni utamu wa hadithi. Sehemu kubwa ya mwongozo ule ilikuwa marudio kutoka kwenye TM ya mteja, yaani hazina yake ya tafsiri za zamani, ambayo hayalipwi na yamefungwa, huruhusiwi kuyagusa. Dola 760 zikawa 412, na zikalipwa baada ya siku sitini. Kati ya hayo yaliyofungwa kulikuwa na sentensi mtafsiri fulani aliyetangulia aliiandika hivi: "Usiruhusu watoto kucheza ndani ya ngoma." Ngoma! Alikutana na "drum" akasikia vigelegele. Nilimwandikia PM mara mbili kwamba pale ni pipa la mashine. Akajibu kwa upole kwamba sehemu iliyofungwa haimo kwenye bajeti. Nilikabidhi tarehe 7 Julai. Siku hiyo dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu UNESCO ilipoitangaza, na mimi niko juu ya kichuguu nimeifikisha ngoma salama kwa mteja.

Kwa shilingi, mimi na Baba tulitoka sare: nilichopata kilikaribia sana kile alichopoteza. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na inakuja vile vile. Baba hakunilaumu hata neno moja. Alilifunga daftari, akaliweka juu ya kabati, na niliporudi Krismasi nililikuta palepale, safu ya Mhesabu ina jina langu na mbele yake hakuna kitu.

4. Kukaa nyumbani si kukosa kazi, lakini mtaa haujui. "Wewe si upo tu" itakuletea watoto wa watu wanne, mtungi wa gesi wa jirani na fundi wa shangazi. Funga mlango mpaka saa saba. Ukisha, fungua kweli.

5. Panga siku yako kwa kitu ambacho PM hawezi kukisogeza. Mimi natumia maji. Bahari ya hapa Tanga ikitoka inakuachia tope na kaa, kuogelea sahau. Inajaa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mtu wa ofisini hawezi kuifuata, leo imejaa saa nne asubuhi, baada ya siku chache iko alasiri. Mimi naweza! Ndiyo maana niliacha ajira, kama nilivyogundua kwa kuchelewa miaka minne. Mwanzo wa mwezi nabandika ratiba ya maji kujaa na kupwa ukutani juu ya meza, nazungushia duara saa zangu, ndipo naangalia barua pepe. Wiki ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, nafanya kazi usiku kwa raha zangu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kwa nini nakabidhi Jumanne jioni na si asubuhi. Mmoja wenu ameniuliza kama huo si uvivu. Njoo tuogelee mpaka boya la pili halafu uniulize tena, ukiwa na pumzi.

6. Pata TIN, namba ya mlipakodi, na mfuko wa pensheni wa NSSF wanapokea wanaojiajiri, nenda kajiandikishe wiki hii. Hii nimeisema mara ngapi?

7. Sema mapema kwamba hutakuwepo. Mimi huandika mwezi wa nne kwa wateja wote: kuanzia katikati ya Juni, wiki nne, sipo. Mteja mmoja aliondoka kwa sababu hiyo. Alikuwa wa senti mbili.

Laptopu siku hizi inabaki Tanga. Msimu huu simu niliisahau mfukoni, ikalia tukiwa kwenye tenga la kumi na moja. Baba akanyamaza na chungwa mkononi, akautazama mfuko wangu. Nikaizima, nikamwambia endelea, Baba. Akasema ameshapoteza hesabu. Tukalimwaga tenga zima kwenye turubai, tukaanza upya.