Kupima mafuta si kuchimba: weka avansi yako mfukoni

Wewe unayeuliza kama ununue parseli (viwanja) mbili Nyakakoma, kwenye Ziwa Edward huku Kongo, "kabla mafuta hayajaanza", usinunue. Nimesoma kwamba kamisioneri, yaani dalali wako wa viwanja, anataka avansi (malipo ya kwanza) kabla ya Jumamosi, ugali ukanikwama kooni.

Mwaka 2014 mimi nilikuwa wewe, ziwa hilohilo la Edward, upande wa Vitshumbi. Kampuni ya mafuta ya SOCO ya Uingereza ilikuwa inapima chini ya ziwa kwa mitetemo, kwenye eneo lake la kutafutia mafuta, ile Bloku V. Kamisioneri wangu (Mungu amrehemu, hajafa, lakini amrehemu tu) akanisimamisha ufukweni, akanyoosha kidole kwenye mashua: "Unaona? Mafuta yameisha kupatikana." Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikaitikia. Kupima ni ekografi, ile picha ya tumbo la mjamzito, jamani! Hapo hata mimba yenyewe hujui kama ipo, mimi nimeshanunua nepi.

Nikakopa kopeki (ushirika wa akiba na mikopo) dola 6,000. Parseli 2,500, zilizobaki nyumba ya mbao ya vyumba sita, manjanja (mabati) mapya, matela (magodoro) kumi na mbili. Kamisioneri akaniletea hata "kontra" (mkataba) ya kampuni kupanga nyumba nzima, muhuri wa zambarau, jina langu limekosewa herufi mbili. Nikajisemea ni haraka ya Wazungu. Muhuri ule alichongesha sokoni mwizi yule, nilikuja kujua baadaye.

Juni redio ikasema kampuni imekubaliana na WWF, shirika la kulinda mazingira: ikimaliza kupima, inaondoka. Nilikuwa napigilia bawaba za chumba cha sita. Kisima hawakuchimba hata kimoja. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa kiboko, akalala uani, hakulipa. Kutafuta cheti cha ardhi, karani akaniuliza kama sijui Vitshumbi iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925. Na Nyakakoma ni hivyohivyo! Mkopo nilimaliza 2019. Mke wangu mpaka leo ananiita Petroli.

Huyo kamisioneri wako anakutajia mnada wa Julai 2022, serikali ya Kongo ilipotangaza bloku 27 za mafuta. Muulize mbona wizara iliufuta Oktoba 2024. Akikimbilia Uganda, mwambie kule Ziwa Albert mafuta yalionekana 2006, uamuzi wa kuwekeza ukaja Februari 2022. Miaka 16. Kopeki itakusubiri?

Usitoe hata dola moja mpaka umeona mtambo wa kuchimba, bomba linaingia ardhini, kwa macho yako, si kwa WhatsApp. Hiyo picha ya WhatsApp uliyoweka hapa kama ushahidi, ikuze: nyuma kuna meli ya makontena. Edward na makontena wapi na wapi? Mafuta ya Kongo yanayotoka kweli yanatoka Muanda, kwenye Atlantiki.

 Sasa jibu: avansi umeshatoa au bado?