Barua kwa mwanangu: kwa nini nasoma riwaya za vijana

Mwanangu mpendwa,

Ulipokuja Pasaka ulikuta The Hunger Games mezani kwangu, na juzi ukaniandikia: "Baba, mtu mzima mwenye mvi unatafuta nini kwenye vitabu vya vijana, tena vya nchi zilizoharibika? Taarifa ya habari haikutoshi?" Jibu langu ni refu kuliko ujumbe wa simu, ndiyo maana nakuandikia barua.

Kwanza kabisa, navisoma kwa raha. Asubuhi nikipata kiti kwenye mwendokasi pale Kimara, nafungua kitabu na sijali foleni mpaka Kivukoni. Sura zake ni fupi, na nyingi zinakatika pale pale unapotaka kujua kitakachofuata. Sisomi ili nifanye mtihani, kwa hiyo kisichoninasa nakiacha. Divergent ya Veronica Roth niliiweka chini katikati. Chicago yote imegawanywa makundi matano, kila kundi na tabia yake moja, na mimi nimeishi Dar miaka mingi mno kuamini kwamba watu wanagawanyika hivyo. Mambo ya msichana kupendwa na wavulana wawili nayo nayapitia harakaharaka.

Lakini kuna vinavyonikamata kwelikweli. Suzanne Collins alitoa The Hunger Games mwaka 2008, na wengi wanachokumbuka ni watoto 24 kupelekwa uwanjani wauane mbele ya kamera. Mimi kilichonikaa moyoni ni hesabu ya nafaka. Kila mwaka jina la mtoto linaingizwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua watakaopelekwa uwanjani, kuanzia akiwa na miaka 12 hadi 18. Familia yenye njaa inaruhusiwa kupewa mgao mdogo wa nafaka na mafuta wa mwaka mzima, kwa sharti kwamba mtoto aongezewe jina mara moja kwa kila mgao, na majina hayo yanalimbikizwa mwaka hadi mwaka. Katniss, msichana anayesimulia, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18, limo mara 42. Hakuna askari aliyewashika mkono wajiandikishe, njaa imetosha. Nilipofika hapo niliwafikiria wazazi wanaokula ugali ulionunuliwa kwa namna hiyo.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni The Giver cha Lois Lowry, cha mwaka 1993. Jonas, mvulana wa miaka 12, anaishi mahali pasipo njaa wala vita, pasipo hata rangi. Baba yake kazi yake ni kulea vichanga, na ni mtu mpole, anayecheka na watoto wake wakati wa chakula. Kisha Jonas anaonyeshwa picha iliyorekodiwa: wamezaliwa mapacha, na sheria inataka abaki mmoja. Baba anawapima uzito, anamchukua yule mwepesi, anamdunga sindano ya kumuua, na muda wote anambembeleza kwa sauti ile ile ya nyumbani. Mwanangu, mimi nimebeba watoto wangu usiku kwa sauti hiyo. Ukurasa ule niliurudia, kisha nikakaa bila kugeuza mwingine.

Hicho ndicho ninachokitafuta. Katika riwaya hizi ubaya mwingi unafanywa na watu wazima wa kawaida, waliokwisha kuzoea, wanaoamka asubuhi kwenda kazini. Kijana ni yule ambaye bado hajazoea, na bado anauliza. Umri wangu ni umri wa kuzoea, ndiyo maana napenda kutembea na mtu wa miaka 12 anayeshtuka.

Na usidhani jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya manufaa kwa nchi yao, kisha wakafungwa gerezani. Mkiisoma shuleni mnaipekua kwa ajili ya maswali ya mtihani. Isome sasa ukiwa huna wa kukusahihisha, uone inavyokimbia.

Binamu yako anasafiri kuja Dodoma wiki ijayo, nitampa The Giver akuletee. Si kikubwa, mwisho wa juma mmoja unatosha. Ukifika pale kwa mapacha, nipigie, hata iwe usiku. Nataka kusikia kama wewe utamlaumu baba yule kwanza au waliomfundisha kazi, kwa sababu mimi na mama yako tumebishana na hatujakubaliana.

Baba yako